Kompyuta pepe inapokataa kuwaka baada ya umeme kupotea ghafla

Na MWANDISHI WETU

UMEME ukipotea ghafla, mwenye bucha huhofia nyama yake na kinyozi huketi kumngoja mteja aliyenyolewa nusu arudi. Lakini kwa karani anayetunza hesabu za chama kwenye kompyuta, hasara huja kujulikana umeme unaporejea. Kompyuta yenyewe huwaka kama kawaida, ila ile kompyuta nyingine iliyo ndani yake, yenye vitabu vya hesabu, hukataa katakata kufunguka.

Tatizo hili haliwasumbui wataalamu wa Nairobi pekee. Katika vituo vya biashara kama Kimuka, kilichoko magharibi mwa milima ya Ngong kwenye barabara ya kuelekea Suswa, Kaunti ya Kajiado, shule, zahanati, vyama vya akiba na maduka ya huduma za kompyuta hutegemea mashine moja au mbili kwa kazi zote. Mashine hiyo ikigoma, kazi yote husimama.

Kuna kinaya katika jambo hili. Juu ya milima ya Ngong imesimama mitambo ya upepo ya kampuni ya KenGen, ambayo ya kwanza iliwekwa mwaka wa 1993, na ambayo leo ina uwezo wa kuzalisha megawati 25.5. Hata hivyo, kuishi karibu na mitambo hakumkingi mtu dhidi ya giza. Gridi ya taifa ni moja, na hitilafu ya mbali huweza kuzima taa za nchi nzima. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliyeanguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru alisababisha nchi kukosa umeme kwa saa kadhaa. Usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikuwa gizani, ukiwemo uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hali kama hiyo ilijirudia Novemba 11 na Desemba 10 mwaka huo huo.

Maadamu umeme utazidi kupotea, ni busara mtu ajue la kufanya kabla ya kumwita fundi, na zaidi ya hilo, ajue lile asilopaswa kufanya.

Kompyuta pepe ni nini?

Kompyuta pepe ni programu inayojifanya kompyuta kamili. Huwa na kumbukumbu yake, diski yake na mfumo wake wa uendeshaji, lakini vyote hivyo ni vya kukopa kutoka kwa kompyuta halisi, ambayo tutaiita mwenyeji. Ile pepe ni mgeni aliyepewa chumba ndani ya nyumba ya mwenyeji.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ilikuwa ikilifanyia kazi nchini Marekani katika miaka ya 1960, ili watu wengi waweze kutumia kompyuta moja kubwa, kila mmoja akidhani ana yake. Kampuni ya VMware ilileta teknolojia hiyo kwenye kompyuta za kawaida za mezani mwaka wa 1999. Programu ya VirtualBox, ambayo wengi huipenda kwa kuwa haina malipo, ilitolewa mwaka wa 2007 na kampuni ya Innotek ya Ujerumani, na tangu mwaka wa 2010 imekuwa mikononi mwa Oracle.

Huenda msomaji akauliza, mtu wa Kimuka ana haja gani na kitu hicho? Tuchukue mfano wa chama cha akiba kilichonunua programu ya hesabu miaka mingi iliyopita, wakati wa Windows XP au Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia XP mnamo Aprili 8, 2014, na Windows 7 mnamo Januari 14, 2020. Kompyuta mpya hainuliwi na mfumo wa zamani, na programu ile ya hesabu huenda isikubali mfumo mpya. Suluhu ya fundi huwa ni kuweka Windows ya zamani kama mgeni ndani ya kompyuta mpya. Hisa, mikopo na michango ya wanachama vyote huingia humo. Wanafunzi wanaojifunza Linux nao hutumia njia hiyo hiyo.

Kwa nini kuzimika ghafla huleta madhara?

Kwa mtumiaji, kompyuta pepe ina diski. Kwa mwenyeji, diski hiyo ni faili moja kubwa tu, au faili chache, ndani ya folda fulani. Hapa ndipo penye kiini cha matatizo.

Karani anapobofya kitufe cha kuhifadhi, maandishi hayaendi moja kwa moja kwenye diski halisi. Kwanza hukaa katika kumbukumbu ya muda ya mgeni. Kisha huvuka hadi kumbukumbu ya muda ya mwenyeji. Halafu huingia katika kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya diski yenyewe, ndipo yaandikwe mahali pa kudumu. Ni mfano wa barua inayopitia mikononi mwa matarishi watatu. Umeme ukikatika, kila tarishi huangusha alichokuwa amebeba.

Mifumo ya kisasa ina kinga. NTFS ya Windows, na ext4 ya Linux, huandika kwanza katika daftari la pembeni kile inachokusudia kubadilisha, kisha ndipo ibadilishe kitabu kikuu. Ni kama muuza duka anayeandika deni kwenye karatasi kabla ya kulihamishia katika kitabu. Umeme ukirudi, mfumo husoma daftari hilo na kukamilisha au kufuta kazi iliyokatizwa. Ndiyo maana mara nyingi kompyuta pepe huwaka bila tatizo lolote.

Walakini, kinga hiyo hutegemea ahadi kwamba daftari limeandikwa kabla ya kitabu. Kumbukumbu za muda zikiwa nyingi, na moja wapo ikisema imeandika ilhali bado, utaratibu huvurugika. Aidha, faili za mwenyeji zinazoeleza jinsi kompyuta pepe ilivyoundwa huweza kuharibika hata kama diski ya mgeni ni nzima.

Kabla ya yote, nakili folda

Kosa linalowagharimu watu wengi si umeme kupotea bali ni kutengeneza kwa pupa. Mtu huona ujumbe wa hitilafu, akafuta faili hii, akaondoa kompyuta pepe katika orodha, akakubali kila swali aulizwalo na programu. Jioni inapofika, kilichokuwa kidonda kidogo kimekuwa donda ndugu.

Hatua ya kwanza ni kufunga programu ya kompyuta pepe kabisa, kisha kunakili folda yote ya mashine hiyo hadi kwenye diski nyingine ya nje yenye nafasi ya kutosha. Kuanzia hapo, majaribio yote yafanywe juu ya nakala moja, na nyingine iachwe bila kuguswa.

Ikiwa kunakili kunakwama katikati, au diski halisi inatoa mlio wa kugongagonga, acha hapo hapo. Huenda diski yenyewe inakufa, na kila jaribio la kuitengeneza huikaribisha kaburini. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye zana za kunakili diski mbovu, kama vile programu ya ddrescue, ambayo huokoa kwanza sehemu zilizo nzima kisha ikarudia zile zilizoharibika.

Chunguza mwenyeji kwanza

Nakala ikiwa salama, swali la kwanza ni hili: je, ugonjwa uko kwa mwenyeji, katika faili za kompyuta pepe, au ndani ya mgeni mwenyewe? Kila mahali pana dalili zake.

Anza na nafasi ya diski. Diski pepe nyingi huanza zikiwa ndogo na kukua kadiri zinavyotumiwa. Diski ya mwenyeji ikijaa, mgeni hukosa mahali pa kuandika na hukwama hata kama hana dosari yoyote. Kuondoa video na faili zisizohitajika huweza kumaliza tatizo zima.

Kisha tazama saa ya kompyuta. Ikiwa inaonyesha tarehe ya miaka iliyopita, betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032 katika kompyuta nyingi za mezani, imekwisha nguvu. Umeme unapokatika, kompyuta yenye betri mfu husahau mipangilio yake ya BIOS na kurudia ile ya kiwandani. Miongoni mwa mipangilio inayoweza kuzimwa ni ule unaoruhusu kompyuta pepe, unaojulikana kama VT-x kwa vichakato vya Intel na AMD-V kwa vile vya AMD. Mgeni hukataa kuwaka, au hudai kwamba kichakato hakina uwezo huo. Dawa yake ni kubadilisha betri, kuingia katika BIOS wakati wa kuwasha, kuurejesha mpangilio huo na kurekebisha saa.

Mwisho, mwenyeji mwenyewe akaguliwe diski yake. Katika Windows, amri ya chkdsk hufanya kazi hiyo. Mwenyeji akiwa mgonjwa, hakuna faida ya kumtibu mgeni.

Kagua faili za kompyuta pepe

Mwenyeji akiwa mzima, fungua folda ya kompyuta pepe. Katika VirtualBox kuna faili ndogo yenye kiishio cha .vbox, ambayo hueleza umbile la mashine: kumbukumbu kiasi gani, diski ipi, mtandao upi. Umeme ukikatika inapoandikwa, faili hiyo huweza kubaki tupu, na programu hutangaza kwamba mashine haifikiki. Wengi hudhani kila kitu kimepotea. Kumbe pembeni yake huwa kuna ndugu yake mwenye kiishio cha .vbox-prev, yaani toleo lililotangulia. Ipe faili mbovu jina lingine, kisha unakili ile ya zamani na kuipa jina la asili. Kwa kazi ya dakika mbili, mashine huonekana tena.

Kwa watumiaji wa VMware, malalamiko ya kawaida ni kwamba mashine tayari inatumiwa na mtu mwingine. Hapo pana folda zenye kiishio cha .lck, ambazo ni kufuli. Programu hufunga mlango inapoingia na kuufungua inapotoka, ila umeme uliitoa bila kuipa nafasi ya kufungua. Hakikisha hakuna programu ya VMware inayoendelea, kisha zihamishe folda hizo mahali pengine badala ya kuzifuta.

Kuna pia hali iliyohifadhiwa. Mtumiaji huweza kumlaza mgeni usingizi na kazi yake ikiwa wazi, naye mwenyeji akaandika faili ya usingizi huo. Faili hiyo ikiharibika, mgeni hawezi kuamka. VirtualBox huruhusu kuitupa hali hiyo na kumwasha mgeni upya. Kilichokuwa hakijahifadhiwa kitapotea, lakini diski hubaki.

Jambo la kuogopwa ni zile picha za hali ambazo baadhi ya watu huzichukua kabla ya kubadilisha kitu. Baada ya picha ya kwanza, diski ya asili huacha kuandikwa, na mabadiliko yote huenda katika faili mpya inayoitegemea ile ya asili. Picha zikiwa tatu, faili hizo huwa mnyororo. Anayechukua diski ya asili peke yake na kuiwasha huona hesabu za zamani, na mbaya zaidi, huandika juu yake na kuuvunja mnyororo mzima. Mwenye picha za hali asijaribu njia ya mkato. Afanye kazi kwenye nakala ya folda nzima.

Ukibabaika, soma faili ya kumbukumbu ya matukio. VirtualBox huiita VBox.log na kuiweka katika folda ya Logs. Ni ndefu na ya kuchosha, ila mistari ya karibu na mwisho mara nyingi hutaja jina la faili iliyoshindikana. Hata asiyekuwa mtaalamu huweza kumsomea fundi mistari hiyo kwa simu na kumwokolea safari.

Mgeni anapowaka nusunusu

Ikiwa mgeni anaanza kuwaka kisha anakwama, hiyo ni habari njema kiasi, kwani faili za mwenyeji ni nzima na tatizo limo ndani.

Kwa Linux, usikimbilie kuogopa orodha ya uchaguzi inayobaki kwenye skrini. Baadhi ya matoleo, yakigundua kwamba safari iliyopita haikukamilika, huonyesha orodha hiyo na kungoja. Kubonyeza kitufe cha Enter huweza kutosha.

Likitokea neno initramfs na mshale wa kungoja amri, maana yake ni kwamba mfumo umekataa kufungua diski mpaka ikaguliwe. Juu ya neno hilo huwa pametajwa sehemu yenye dosari, kwa mfano /dev/sda1. Andika fsck -y ikifuatwa na jina la sehemu hiyo, ungoje imalize, kisha uandike exit. Amri hii isitumiwe kamwe kwenye diski iliyo wazi na inayoandikwa, kwani itaharibu badala ya kutengeneza.

Kwa Windows, mfumo ukishindwa kuwaka mara kadhaa, hujitolea wenyewe kufanya ukarabati. Uruhusu. Usipofaulu, weka faili ya ISO ya Windows kama sidii pepe, uwashe kutoka humo, uchague ukarabati na ufungue dirisha la amri. Hapo chkdsk C: /f itakagua na kurekebisha. Tahadhari moja: katika mazingira hayo herufi za diski huweza kubadilika, hivyo tazama kwanza kama C ndiyo yenye folda zako.

Njia ya mwisho

Yote yakishindikana, tenganisha mambo mawili: mashine na data. Mashine hutengenezwa upya kwa saa chache. Data ya miaka haitengenezwi.

Unda kompyuta pepe mpya, kisha uiunganishe na nakala ya diski ya zamani. Hakikisha umbile linafanana: kama ya kwanza iliwaka kwa BIOS, ya pili isiwekwe EFI, na kiungo cha diski kiwe cha aina ile ile, IDE au SATA. Tofauti ndogo hapo huifanya diski nzima ionekane mbovu.

Ikikataa bado, chukua kompyuta pepe nyingine iliyo nzima na uipachike nakala hiyo kama diski ya pili. Haitahitaji kuwaka; itafunguliwa tu kama kabati. Faili za hesabu zitanakiliwa na kuwekwa mahali papya.

Kazi haijaisha hapo. Hesabu zilizookolewa zilinganishwe na ushahidi mwingine, hasa maingizo ya siku ile umeme ulipokatika. Stakabadhi za karatasi na taarifa za M-Pesa zitaonyesha kama mchango uliopokelewa saa tisa umo kitabuni au ulianguka njiani. Faili inayofunguka si lazima iwe faili iliyo kamili.

Kinga ni bora kuliko tiba

Kifaa cha UPS hakikusudiwi kumwezesha mtu kufanya kazi usiku kucha. Kazi yake ni kutoa dakika chache za kuzima kwa utaratibu: kwanza mgeni, kupitia menyu yake mwenyewe, kisha mwenyeji. Vifaa vingi vya aina hiyo huwa na waya wa USB ambao, ukiunganishwa na kusanidiwa, huiamrisha kompyuta ijizime yenyewe pasipo mtu. Aghalabu waya huo huachwa kwenye katoni. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzuri tayari ina kinga yake.

Umeme ukishapotea, chomoa vifaa visivyolindwa. Ukirejea, usiwashe papo hapo. Subiri utulie, kwani huweza kukatika tena mara mbili tatu, na pigo la pili hupata mfumo ukiwa katikati ya kujitibu.

Zaidi ya yote, weka nakala za akiba. Kanuni inayojulikana ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa chama kidogo, hiyo huweza kuwa faili iliyomo ndani ya kompyuta, diski ya nje ndani ya kabati, na nakala nyingine nyumbani kwa mweka hazina ikiwa imelindwa kwa nywila. Kompyuta pepe inakiliwe ikiwa imezimwa. Picha za hali zisihesabiwe kuwa akiba, kwa kuwa hukaa kwenye diski ile ile. Nyumba ikiungua, hati na picha yake huungua pamoja. Na mara moja kwa miezi michache, nakala ijaribiwe kufunguliwa, maana akiba isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Hili si suala la hiari kwa wanaotunza taarifa za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 huwataka wanaohifadhi taarifa hizo kuzingatia hatua za kuzilinda, ukiwemo uwezo wa kuzirejesha kwa wakati ufaao hitilafu inapotokea. Mwanachama aliyeweka akiba yake kwa miaka kumi hatajali kama kosa lilikuwa la tumbili, la nguzo iliyoanguka au la betri ya duara. Atauliza swali moja tu: fedha zangu ziko wapi?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Kwa karani wa Kimuka, ufa huo huzibwa jioni, dakika chache kabla ya kufunga ofisi, kwa diski ya nje na subira ya kungoja nakala ikamilike.